Mama Katilili na Ardhi ya Watu Wake



Katika kliniki za watoto huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika liko jambo ambalo sisi wauguzi tumelizoea. Mtoto akipimwa uzito, na mstari kwenye kadi yake ukaonekana unashuka mwezi wa kwanza na wa pili, tunamwuliza mama yake: "Mtoto anakula nini?" Mara nyingi mama hajibu habari za chakula. Anajibu habari za shamba. Shamba limechukuliwa na shemeji. Shamba limeuzwa na mume, naye akasikia kwa majirani. Shamba liko ng'ambo ya ziwa, na huko bado hakurudiki. Hapo ndipo tunapotambua kwamba ugonjwa wa mtoto haukuanza wiki iliyopita. Ulianza siku ile maneno ya ardhi yalipokatwa, na mama hakuwapo.

Kwa sababu hiyo mwezi huu tumeona vema tuwasimulie maisha ya mwanamke mmoja ambaye watu wake walinyang'anywa ardhi, naye hakukubali kukaa kimya jikoni. Hakuwa Muha wala Mmanyema wala Mtongwe. Alikuwa Mgiriama wa pwani ya Kenya, mjane asiye na cheo, asiyejua kusoma. Jina lake ni Mekatilili wa Menza. Huenda wengine mtauliza, mbona mbali hivyo? Someni kwanza, nanyi mtaona kwamba si mbali.

BINTI WA MENZA

Mtoto huyo alizaliwa karibu mwaka 1860 huko Mutara wa Tsatsu, sehemu za Ganze, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kilifi. Alipewa jina la Mnyazi. Baba yake aliitwa Menza, na inasimuliwa kuwa Mnyazi alikuwa binti pekee kati ya ndugu zake.

Zamani zile biashara ya watumwa ilikuwa bado inaisumbua nchi. Wazee wa Kigiriama husimulia kwamba kaka yake mmoja, aitwaye Mwarandu, alinyakuliwa na wafanya biashara wa watumwa, Mnyazi akiona kwa macho yake. Familia ilibaki na kilio kisicho na kaburi.

Sisi wa Ujiji hatuna haja ya kuelezwa jambo hilo. Miembe mikubwa iliyopo mjini kwetu inatukumbusha misafara iliyovuka ziwa kutoka Manyema, ikapita hapa, ikaenda Tabora na kuendelea mpaka Bagamoyo. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji, Mnyazi alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu upande wa pili wa njia hiyohiyo ya mateso. Mwanzo wa njia ulikuwa kwetu na mwisho wake ulikuwa pwani, na katikati walikuwako akina mama waliokuwa wakihesabu watoto wao kila jioni.

Mnyazi alikua akijua kwamba mtu mwenye nguvu anaweza kuja sokoni akachukua mtoto wa mwenzake, na asiulizwe. Tukishika neno hilo moja tutayaelewa mengine yote aliyoyafanya.

JINA LA MAMA

Mnyazi aliolewa na Dyeka wa Duka huko Lango Baya, akapata watoto. Mmoja wao aliitwa Katilili, na tangu hapo watu wakamwita Mekatilili, maana yake mama yake Katilili. Ni desturi ileile tuliyo nayo sisi. Ukifika Mwanga au Kibirizi ukauliza jina alilobatizwa mama fulani, huenda majirani wasilijue, lakini ukisema Mama Joni utapelekwa mpaka mlangoni. Mwanamke huyu aliingia katika historia kwa jina la mtoto wake, wala hakuna aliyeona kuwa jina hilo ni dogo.

Baadaye mumewe alifariki, akabaki mjane. Kwa desturi ya Wagiriama mambo ya nchi yaliamuliwa na wazee wa baraza katika kaya, yaani boma takatifu la msituni walilolirithi kutoka kwa wahenga wao. Mwanamke hakutazamiwa kusimama mbele ya mkutano akaongoza. Lakini mjane mwenye umri mkubwa alikuwa na nafasi kidogo ya kutembea na kusema, na Mekatilili aliitumia nafasi hiyo yote.

Alikuwa na silaha moja ambayo serikali haikuifikiria. Ilikuwa ni ngoma ya kifudu, ngoma ya wanawake ichezwayo wakati wa matanga. Mekatilili aliicheza kijiji hata kijiji. Wanawake walitoka kumfuata, wanaume wakaja kutazama, na ngoma ilipotulia yeye alianza kusema. Hakuwa na gazeti wala redio. Alichukua kile ambacho wanawake walikuwa nacho tayari, yaani kukusanyika kwa ajili ya msiba, akakifanya kuwa mkutano wa kuokoa nchi.

SERIKALI YATAKA WATU, KISHA ARDHI

Kulitokea nini hata mama huyo akatoka nyumbani kwake? Katika karne ya 19 Wagiriama walikuwa wamepanuka kuelekea kaskazini wakavuka Mto Sabaki. Bonde la mto huo lilikuwa na rutuba. Walilima mahindi, wakala, wakauza yaliyobaki kwa wafanya biashara wa pwani. Mtu aliyeshiba na mwenye nafaka ya kuuza hana sababu ya kwenda kuwa kibarua. Hilo liliwaudhi Waingereza, ambao walikuwa wanafungua mashamba makubwa ya mpira na pamba katika pwani na walitaka wafanya kazi wa bei ndogo.

Mwezi wa Oktoba 1912 alipelekwa huko ofisa kijana, Arthur Champion, awatawale Wagiriama. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya vibanda, kuweka wazee waliokubaliwa na serikali, na kuwatoa vijana waende kazini mashambani. Tembo la mnazi nalo liliwekewa vizuizi. Wakubwa wake walikuwa na wazo lingine zito zaidi, kwamba Wagiriama waondolewe kabisa upande wa kaskazini wa Sabaki. Wakikosa ardhi ya rutuba, walifikiri, watatafuta kibarua wenyewe.

Angalieni hesabu hiyo, akina mama. Kwanza njaa itengenezwe, halafu wenye njaa waitwe kazini.

Kulikuwa pia na jambo la karatasi. Mwaka 1908 serikali ilitoa sheria ya hati za ardhi katika pwani. Wengi walioweza kuandikisha madai yao walikuwa watu wa miji ya pwani waliozoea maandishi, na Mijikenda wengi, Wagiriama wakiwa miongoni mwao, waliachwa nje. Shamba lililolimwa na babu likageuka kuwa la serikali au la mtu mwingine kwa sababu ya karatasi. Mpaka leo Kilifi na sehemu nyingine za pwani ya Kenya wako watu wanaoitwa maskwota juu ya udongo waliozaliwa.

KUKU NA VIFARANGA VYAKE

Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili aliwaita watu katika Kaya Fungo. Alikuwa pamoja na mzee mmoja, Wanje wa Mwadorikola. Aliwaambia watu kwamba vijana wakichukuliwa hawatarudi, na ardhi ikitwaliwa haitarudishwa. Walikula viapo vya jadi, wanawake kiapo chao na wanaume chao, kwamba hakuna atakayelipa kodi, hakuna atakayetoa mwana, na hakuna atakayewatumikia wageni.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Champion aliitisha baraza. Tukio la siku hiyo limesimuliwa na Wagiriama toka bibi mpaka mjukuu. Wanasema Mekatilili alikuja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia yule ofisa achukue kifaranga kimoja. Alipopeleka mkono, kuku alimrukia akamdonoa. Mekatilili akamwonyesha kwamba ndivyo itakavyokuwa akijaribu kuwachukua watoto wao. Wanaendelea kusimulia kwamba ofisa alikasirika akampiga kuku risasi, na mama yule akamzaba kofi mbele ya watu.

Sisi tunaofuga kuku uani hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo. Na msomaji wa Injili atakumbuka kwamba Bwana Yesu mwenyewe, alipoulilia mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku mwenye vifaranga. Upendo wa mama hautulii mkono wa mgeni ukiingia chini ya bawa lake.

Hata hivyo hatumwandiki hapa kama mtakatifu. Viapo vile vilikuwa vya imani ya wazee wake, na sisi tuliobatizwa hatutaviiga. Tena viapo viliwatia hofu na Wagiriama wenzake ambao hawakuona mambo kama yeye. Lakini tusiharakishe kuhukumu. Mzigo aliobeba mama huyo ulikuwa wa haki, na wengi waliokuwa na Biblia mkononi wakati huo hawakuubeba.

SAFARI YA KURUDI NYUMBANI

Mwezi wa Oktoba 1913 serikali ilimkamata Mekatilili pamoja na Wanje. Walihukumiwa kuhamishwa miaka mitano na kupelekwa Kisii, magharibi kabisa ya Kenya, karibu na Ziwa Viktoria. Walidhani kwamba mama mtu mzima hatakuwa na la kufanya ugenini, mahali ambapo hata lugha haijui.

Mwezi wa Januari 1914 wakatoroka.

Walirudi kwa miguu mpaka nchi ya Wagiriama. Ni safari ya zaidi ya kilomita 700. Wale waliowahi kupanda treni kutoka Kigoma kwenda Tabora wanajua jinsi njia ile inavyochosha mtu akiwa ameketi, nayo ni kilomita 411 tu. Mekatilili alitembea karibu mara mbili ya hiyo, kupitia misitu yenye wanyama na nchi za makabila asiyoyajua, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Sisi tunaohudumia akina mama wa umri huo tunajua magoti yao, migongo yao na presha zao. Mwili wa kawaida haufanyi safari kama hiyo ila pale moyo unapoukokota.

KAYA YAPIGWA BARUTI

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa serikali waliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Wagiriama waliinuka. Walikuwa na pinde na mishale, serikali ilikuwa na bunduki. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa, nyumba nyingi zikachomwa moto na maelfu ya mbuzi wakachukuliwa. Mekatilili alikamatwa tena mwezi huohuo wa Agosti, akapelekwa mbali upande wa kaskazini, Kismayu, katika pwani ya Somalia ya leo.

Masharti ya amani yalikuwa machungu. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Walitakiwa kutoa watu 1,000 wa kazi. Na walitakiwa kuhama kabisa ng'ambo ya Sabaki, mahali penye rutuba yao. Familia zilihamishwa kwenda kwenye udongo mkavu, ghala zikiwa zimeungua. Sisi wauguzi tunajua kinachofuata baada ya hapo hata kama hakuna aliyeandika. Mwanzo hunyauka watoto walioachishwa ziwa karibuni. Halafu wajawazito hupungukiwa damu. Halafu wazee huanza kukataa chakula kidogo kilichopo ili wajukuu wale.

Vita hiyo ilifika na kwetu. Meli tunayoijua kwa jina la Liemba iliunganishwa hapa Kigoma na Wajerumani na kuingizwa majini mwaka 1915 kwa ajili ya mapigano ya ziwani, nao vijana wa kila pande walibebeshwa mizigo ya majeshi. Katika vita ya wakubwa, mlo wa nyumbani ndio unaolipa.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Serikali iliona kwamba kuwahamisha Wagiriama kumeleta njaa na fujo bila kuleta vibarua iliyowatarajia. Kabla ya mwaka 1920 waliruhusiwa kuvuka tena Sabaki. Mekatilili na Wanje waliachiwa wakarudi mwaka 1919. Inasimuliwa kwamba katika kaya Wanje aliongoza baraza la wanaume, na Mekatilili akaongoza baraza la wanawake. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale katika nchi aliyoipigania. Leo sanamu yake imesimama mjini Malindi.

MAMA MWINGINE, NG'AMBO YA BAHARI

Wakati wa maisha ya Mekatilili alikuwako mwanamke mwingine huko Marekani, Chipeta wa kabila la Waute, watu wa milima ya Colorado. Yeye na mume wake, Chifu Ouray, walichagua njia ya upole. Mwaka 1879, Waute wa ukoo mwingine walipowateka wanawake wa Kizungu, waliookolewa walipumzishwa nyumbani kwa Chipeta. Mwaka 1880 alisafiri mpaka Washington pamoja na mumewe kuzungumza na serikali. Mwaka huohuo Ouray alifariki, na mwaka 1881 watu wake waliondolewa Colorado wakapelekwa nchi kavu ya Utah. Chipeta aliishi huko mpaka alipofariki mwaka 1924.

Tunawataja wote wawili kwa sababu moja. Mmoja alipinga na mwingine alipatanisha, na wote wawili waliona ardhi inakwenda. Basi hatuwezi kusema kwamba njia fulani ingezuia kila kitu. Lakini watu wao wote wawili hawakusahau ni nani aliyekuwa pamoja nao siku ile. Mama aliyekuwapo wakati wa kuamua, hata akishindwa, huwaachia watoto wake kitu cha kusimamia. Mama asiyekuwapo huwaachia kilio tu.

NA SISI WA KIGOMA?

Mkoa wetu nao umehamishwa mara nyingi. Miaka ya 1930 Waha wengi waliondolewa mashambani mwao na kukusanywa pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1943 msitu wa Gombe ulitengwa, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale ikafuata mwaka 1985. Mwaka 1972 ilikuja operesheni ya vijiji. Hatusemi kwamba sababu zote zilikuwa mbaya. Malale ni ugonjwa wa kweli unaoua, na vyanzo vya maji katika milima vinahitaji kulindwa. Tunasema tu kwamba kila mara aliyejua chanzo cha maji kiko wapi, kuni zinatoka wapi, na udongo upi unastawisha maharage alikuwa mwanamke, na kila mara aliulizwa mwisho au hakuulizwa.

Halafu wako wenzetu waliovuka mpaka. Burundi mwaka 1972 na 1993, Kongo tangu 1996, na Burundi tena mwaka 2015, wakati maelfu kwa maelfu walipojazana katika kijiji kidogo cha Kagunga na kipindupindu kikaingia. Katika wale waliohudumiwa walikuwako akina mama waliofunga ufunguo wa nyumba kwenye pindo la kanga. Nyumba iko wapi na nani anailala sasa, hawakujua. Lakini ufunguo hawakuutupa.

Na tusiangalie mipaka tu. Ardhi nyingi ya wanawake haipotei kwa majeshi bali kwa ndugu, ndani ya siku arobaini za matanga. Mama mmoja wa kijiji cha kusini mwa Ujiji alifiwa na mume aliyemwachia nyumba, shamba la mihogo na michikichi. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyechemsha ngazi, akatwanga na kukamua mawese yaliyosomesha watoto. Mazishi yalipokwisha akaambiwa michikichi ni ya ukoo, na mnunuzi amekwisha kuonyeshwa mpaka. Akaja kliniki akilalamika kwamba hapati usingizi na moyo unamwenda mbio. Dawa ya usingizi isingemponya. Kwaya yake ndiyo iliyoamua. Siku ya mkutano wa kijiji wanawake kumi na wanne walikwenda pamoja naye wakaketi mbele, wakimsaidia kuwataja watu walioona akipanda. Nyumba na shamba la mihogo amebaki nayo. Shauri la michikichi bado liko barazani wakati tunaandika haya. Lakini mnunuzi hajaikanyaga, na mama analala usingizi.

Tofauti kati yetu na Mekatilili ni kwamba sisi sheria inatupa mkono. Akina mama wengi hawaijui, basi tuitaje.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mila yoyote inayomnyima haki hiyo, sheria haiitambui.

Halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi ya kijiji bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Maana yake ni wewe.

Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha ugomvi, lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu lazima wawe wanawake. Je, kijijini kwenu watatu hao ni akina nani?

Mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja katika hati ya hakimiliki ya kimila. Na tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Ni kweli bado ziko mila za urithi zilizoandikwa mwaka 1963 ambazo zinambana mjane na binti, na wako wanaozitumia. Lakini hata hizo zimepingwa. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo anaweza kuliuza kama mwanamume. Uamuzi huo ulipatikana kwa sababu mwanamke huyo hakukubali kunyamaza.

WANAWAKE WALIOSIMAMA MLANGONI

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, wako mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa bila mwana wa kiume, nao walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai sehemu ya ardhi. Musa hakuwafukuza, alimwuliza Mungu, na Mungu akasema mabinti wana haki. Katika 2 Wafalme 8 yuko mwanamke Mshunami aliyehama kwa sababu ya njaa miaka saba. Aliporudi alikwenda kwa mfalme mwenyewe, akarudishiwa nyumba na shamba lake. Wenzetu wenye funguo katika pindo za kanga, someni sura hiyo.

Mkoa wetu uliwahi kuwa na mwanamke katika kiti cha utemi. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru, huko Kasulu, tangu mwaka 1946 mpaka utemi ulipofutwa baada ya uhuru. Si wote tutakaopata kiti. Mekatilili hakuwa nacho. Alikuwa na ngoma ya matanga, jina la mtoto wake, na miguu miwili.

Sisi tuna umoja wa wanawake unaokutana kila wiki, tuna kwaya, tuna vikundi vya kuweka na kukopa, na tuna wenzetu tunaoanika nao dagaa ufukweni kila asubuhi. Tukijua kukusanyika siku ya msiba, tunashindwaje kukusanyika siku ya mkutano wa kijiji? Mnapopika pilau ya arobaini ya marehemu, mwulizeni mjane kwa upole, kabla sufuria hazijaoshwa: "Mama, shamba limeandikwa jina la nani?"

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mkutano mkuu wa kijiji au mtaa wetu ulifanyika lini mara ya mwisho? Wangapi kati yetu walihudhuria, na nani alisema?

2. Je, wajane katika ushirika wetu wanajua mipaka ya mashamba yao na majina ya mashahidi wao? Nani anaweza kuwasaidia kuandika?

3. Mekatilili alitumia ngoma ya wanawake kuwafikia watu. Sisi tuna nini ambacho tayari kinatukusanya?

4. Wakimbizi walio jirani nasi wameacha ardhi nyuma. Tunawezaje kuwatia moyo watunze karatasi na kumbukumbu zao bila kuwafungulia jeraha?

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu, awape na ujasiri wa kwenda mkutanoni mapema, viti vya mbele vikiwa bado wazi.